Somo: Jiwe la ufukweni na deni la nyumbani katika hadithi za Uingereza ya 1811–1820

Rasimu nne za hadithi za wanachama wetu nilizosoma mwezi huu zimewekwa Uingereza ya enzi ya Regency, pale mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake, George III, aliyelemewa na maradhi. Zote zina dansi, zina gari la farasi, na tatu kati yake zina msichana anayeokota mawe ya ajabu ufukweni. Ukurasa wa tatu jiwe limeokotwa, ukurasa wa nne familia imetajirika. Hapo ndipo msomaji anapofunga kitabu. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na deni, jiwe lisubiri

Kielelezo chetu ni familia ya kweli, ya akina Anning wa Lyme Regis, mji mdogo wa pwani huko Dorset. Baba, Richard, alikuwa seremala aliyeuzia wageni visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, pembeni. Alifariki 1810 akaacha mjane, watoto wawili na deni la karibu pauni 120. Familia ikaishi kwa msaada wa parokia. Joseph alikuwa mwanagenzi kwa fundi wa makochi. Mary alikuwa na miaka 11.

Msomaji akishajua deni, kila jiwe analoliona ufukweni ataliwekea bei mwenyewe. Wewe huna haja ya kumsukuma.

Hatua ya 2: Hesabu kama wao

Pauni 1 ni shilingi 20. Shilingi 1 ni peni 12. Gini ni shilingi 21, na ndiyo hesabu ya waungwana. (Mliokulia Kenya mmewasikia wazee wakiita shilingi ishirini "pauni". Ni hesabu hiyohiyo.) Kibarua wa shamba kusini mwa Uingereza alipata kama shilingi 8 hadi 12 kwa wiki. Deni la pauni 120 kwake ni kazi ya miaka minne au zaidi, bila kula.

Kwa matajiri, binti "mwenye pauni 1,000" hana mfuko wa fedha chini ya kitanda. Mara nyingi fedha ziko kwenye hati za serikali, yaani mkopo unaolipwa riba. Zikiwa hati za asilimia 3, anapata pauni 30 kwa mwaka, basi.

Hatua ya 3: Jiwe lipatikane kwa jasho

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapolegea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Msichana wenu anatembea ufukweni mchana wa jua, kavaa gauni jeupe, anainama, anaokota. Hapana. Msimu wa kuokota ni baridi. Mvua na dhoruba hulainisha majabali ya Lyme, ambayo ni matabaka ya chokaa na udongo mweusi, yakaporomoka, na mawimbi yakaosha kilichokuwa ndani. Maji yakipwa una saa chache tu. Yakianza kujaa, umebanwa kati ya bahari na jabali linaloweza kukuangukia. Mtu wa Pemba au Lamu anayejua bamvua, pale bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, ataiandika hali hii vizuri kuliko mwandishi wa London.

Siku nyingi hurudi na vitu vidogo. Wenyeji waliviita mawe ya nyoka, yale yaliyojikunja kama konokono, na vidole vya shetani, yale marefu yaliyochongoka. Hivyo huuzwa mezani kwa wageni wanaoshuka kwenye gari la abiria. Na wageni walikuwapo kwa sababu: vita na Ufaransa viliwafungia matajiri njia ya kutalii Ulaya, wakageukia pwani yao wenyewe.

Kubwa huja mara moja, na huja vipandevipande. Joseph aliona fuvu la mtambaazi wa kale wa baharini 1811, refu kama mita moja na robo. Mwili uliobaki Mary aliupata miezi kadhaa baadaye. Hiyo miezi ni dhahabu kwa mwandishi: kichwa kiko nyumbani, mwili haujulikani uliko, na mwenye nyumba anataka kodi.

Hatua ya 4: Mnunuzi

Bwana Henley, mwenye ardhi wa hapo, alilinunua lile dubwana kwa kama pauni 23. Likaenda kwenye makumbusho ya Bullock huko London, watu wakajazana kulitazama. Mwaka 1819 British Museum ililinunua kwa pauni 45 na shilingi 5. Tofauti hiyo akina Anning hawakuionja.

Hatua ya 5: Daftari la mama

Pauni 23 ni karibu mshahara wa mwaka wa kibarua. Ni nyingi, lakini haifiki hata robo ya deni. Iandike hivyo. Mfano wangu, wa kubuni:

*Mama alizipanga sarafu mezani, mafungu matano. La mwokaji mikate. La mwenye nyumba. La mkopeshaji, kubwa kuliko yote, na bado dogo. La viatu vya mtoto. La tano lilikuwa na shilingi mbili. Alilitazama, kisha akalisukuma taratibu upande wa mwokaji.*

Na msiwaondolee shida mapema. Kufikia 1820 akina Anning walikuwa wamemaliza karibu mwaka bila kupata kitu kikubwa, wakawa wanajiandaa kuuza fanicha walipe kodi. Mteja wao, Luteni Kanali Thomas Birch, akapiga mnada mkusanyo wake mwenyewe London, na pauni 400 zilizopatikana akawapa. Ukibuni tukio kama hilo watakwambia umezidisha.

Maswali ya wanachama

*Wa Tanga: Dada, shujaa wangu anaolewa. Mahari iwe pauni ngapi?*

Usitumie neno mahari, mdogo wangu, litawapoteza wasomaji. Kule fedha zilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda upande wa mume. Andika "fungu la binti" na ueleze mara moja tu.

*Wa Eldoret: Akishaolewa, fedha za mawe anayouza ni zake?*

Kwa sheria ya wakati ule, za mume, isipokuwa familia imeweka mkataba wa kumlinda. Mjane na asiyeolewa ndio walioshika chao. Ndiyo maana mama yake Mary, akiwa mjane, aliweza kusimamia biashara mwenyewe. 1821 aliiandikia British Museum akidai malipo.

*Wa Muscat: Mwaka 1812 wahusika wangu wanaweza kusema "dinosaria"?*

Hapana. Neno lilibuniwa 1842. Wa Lyme walidhani ni mamba. Na mnyama wa Mary hakuwa dinosaria hata hivyo; alikuwa mtambaazi wa baharini.

*Wa Dodoma: Mwalimu, mimi nataka familia tajiri. Jiwe litawahusu vipi?*

Swali zuri. Mara nyingi shamba kubwa lilifungwa kisheria lipite kwa mrithi mmoja wa kiume, baba asiweze kuliuza hata akizama kwenye madeni. Baada ya vita kuisha 1815 bei ya nafaka ilianguka, na 1816 kiangazi kilikuwa cha baridi, mavuno yakaharibika. Wapangaji wa mashamba wakashindwa kulipa. Sasa tazama: ardhi haiuziki, nyumba haiuziki, lakini kabati la visukuku alilojaza yule binti wa pili tangu utotoni ni mali ya kuhamishika. Linauzika kesho asubuhi. Na kisheria ni la baba au la binti? Anzia hapo, ndugu, kisha nitumie sura ya kwanza pamoja na hesabu ya matumizi ya nyumba. Bila hesabu sisomi.