Makadamia au mti wa kivuli? Kwa mashamba ya baridi

Shamba letu liko Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kule ambako mwezi wa saba hutoki nje asubuhi bila sweta. Mvua zikianza, majirani huniuliza: mama, nafasi iliyobaki nipande makadamia, ule mti wa njugu, au mti wa kivuli? Nami huwauliza nafasi yenyewe iko wapi.

Kama iko katikati ya mibuni, panda kivuli. Mimi naupenda mringaringa kuliko yote. Unapitisha jua la kutosha, majani yake yakidondoka yanafunika udongo, na maua yake meupe huita nyuki. Acha kama mita 12 kati ya mti na mti. Grevilea pia inafaa, hasa kwa mwenye shida ya kuni, maana ukiipogoa inachipua tena. Makadamia usiiweke hapo. Majani yake yamesongamana mwaka mzima, na mbuni ulio chini yake utarefuka tu bila kuzaa.

Kama nafasi iko pembeni, udongo una kina na upepo umezuiwa, basi ni ya makadamia. Mizizi yake haiendi chini sana. Wangu mmoja uliokuwa ukingoni uling'olewa na dhoruba. Chimba shimo la futi mbili kila upande, weka samadi iliyooza vizuri, acha mita 8 hadi 10, na uchanganye aina mbili ili zichavushane. Ukiwa juu sana, kupita mita 2,000, mti utamea lakini mavuno yatakuwa haba. Na korosho, ambayo wengi huiulizia, ni mti wa joto. Huku kwetu usihangaike nayo.

Sasa mche, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mwaka 2014 nilinunua miche 20 nikihakikishiwa kwamba imebebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzuri kimeunganishwa kwenye shina la mche. Iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa nne au wa tano. Yangu ilikuwa imeoteshwa kwa mbegu tu, nikasubiri hadi 2022, na karo za watoto zilikuwa zimehesabiwa humo. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye shina, juu kidogo ya udongo, utafute kovu la kubebesha. Usipolihisi, rudi na pesa zako.

Kwenye mteremko mkali sihesabu faida kabisa. Tangu maporomoko ya udongo ya mwaka 2010 kule Bududa, kwenye mlima wetu huu huu, huko napanda miti ya kivuli yenye mizizi mirefu, na katikati yake majani ya ng'ombe. Miti haizuii kila poromoko, lakini mteremko mtupu unanitia hofu zaidi.

Makadamia zikikomaa usizichume. Ziache zianguke, uziokote mara kwa mara kabla ya panya, umenye ganda la kijani siku hiyo hiyo, kisha uzianike kivulini.