Kutembea juu ya mawe ya Menengai bila kuteguka mguu

Wageni ninaowashusha ndani ya Menengai, shimo kubwa la volkeno hapa Nakuru, Kenya, huogopa mteremko. Mimi nahofia zaidi kule chini penye mawe ya lava: meusi, makali, na mengine yamelegea lakini hujui mpaka uyakanyage. Mtu akifika hapo hukakamaa mwili mzima akidhani anajizuia asianguke, kumbe ndiyo anajiangusha. Usawa wako uko kwenye mguu unaofuata, pale utakapouweka.

Hatua ya 1: Jipime nyumbani. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha fumba macho. Utaona kifundo kinavyohangaika. Mwili hujua umesimamaje kupitia macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Ukifumba macho, umeuondolea msaada mmoja. Ukiyumba papo hapo, beba fimbo wala usione haya.

Hatua ya 2: Viatu. Kamba zikazwe. Raba iliyolika soli ibaki nyumbani.

Hatua ya 3: Macho yatangulie. Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 2018, Jonathan Matthis, Jacob Yates na Mary Hayhoe walichapisha utafiti wa watu waliotembea njia za porini wakiwa wamevaa vifaa vya kufuatilia macho. Waligundua kwamba mtu hutazama mahali atakapofika baada ya takriban sekunde 1.5. Kwenye mawe hizo ni kama hatua mbili mbele. Jiwe unalokanyaga sasa ulishalichagua. Kuliangalia tena ni kuchelewa kuchagua linalofuata. Simu iwe mfukoni. Picha utapiga ukisimama.

Hatua ya 4: Acha hatua zitofautiane. Kwenda mbele, mwili hujiendea karibu wenyewe; taabu iko pembeni. Ukihisi unalalia kulia, peleka mguu wa kulia nje kidogo uupokee uzito. Hatua moja pana, nyingine nyembamba, moja fupi: hivyo ndivyo mawe yanavyotembewa, na anayetaka kupiga gwaride akapige uwanjani. Mzigo uwe mgongoni, mikono huru.

Kazi hii hula nguvu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 lilitumia vibao vilivyopishana kimo kwa sentimita 2.5 tu, na bado watembeaji walitumia nishati zaidi kwa asilimia 28 kuliko kwenye sehemu tambarare. Kwa hiyo ongeza maji, ongeza na muda.

Hatua ya 5: Kanyaga, sikiliza, hamia. Weka unyayo katikati ya jiwe, goti limelegea kidogo, ubonyeze. Likigonga jiwe la chini yake, "kok!", rudisha mguu, uzito bado uko nyuma, hujapoteza kitu. Likinyamaza, hamishia uzito wote kwa mara moja. Kusitasita katikati ndiko hatari.

Hatua ya 6: Kwenye changarawe, usiegemee nyuma. Kisigino kitakukimbia. Piga hatua fupi, kiwiliwili juu ya miguu.

Mtu akiteguka. Mara nyingi unyayo hupindukia ndani na kano za upande wa nje wa kifundo ndizo huumia. Mketishe, inua mguu. Asipoweza kupiga hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo apige kelele, apelekwe akapigwe eksirei. Na asikandwe kabla ya hapo, hata shangazi akisisitiza.