Kupata fundi wa kupogoa mwembe Tabora: kwa nini nachukua familia ya mafundi wa mtaani kwetu, na hatua ninazofuata

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Isevya alinipigia simu usiku. Tawi la mwembe limelalia bati la jikoni, upepo ukipita bati linalia kama mtu anakwangua ukoko. Tayari alikuwa amepewa namba ya kampuni kubwa "yenye matawi nchi nzima." Nikamwambia, shangazi, hayo matawi ndiyo yaliyoniponza mimi, ngoja kesho nije. Tulichofanya kuanzia asubuhi ile ndicho hiki. Mji wetu ni wa miembe, na mingi imezeeka, kwa hiyo najua siandiki kwa ajili ya shangazi peke yake.

Hatua ya 1: Waya na kibali

Kama waya wa umeme unapita kwenye matawi, usimwite fundi yeyote kwanza. Nenda TANESCO, eleza, mpange siku ya kuzima. Halafu pita kwa mtendaji wa kata akuambie kama kazi yako inahitaji kibali cha afisa misitu, hasa ukitaka kuangusha mti mzima au kusafirisha magogo. Basi.

Hatua ya 2: Tafuta miti kwanza, fundi atafuata

Usiulize "nani anakata miti?" Utaletewa kila kijana mwenye panga. Uliza wauza mbao na wauza kuni: mti gani ulipogolewa mwaka jana au juzi, na nani alifanya. Kisha nenda ukauone. Hapa ndipo familia za mtaani zinapoishinda kampuni ya mbali, maana kazi zao zimesimama barabarani na unaweza kuzifikia kwa bodaboda.

Tazama kidonda pale tawi lilipotolewa. Kidonda kizuri kina gamba jipya limekizunguka pande zote, kinajifunga polepole kama mdomo. Ukiona kigingi kimebaki, kirefu kama mkono na kimekauka, fundi huyo muache. Ukiona mti umekatwa kichwa chote na juu zimeota fito nyingi kama fagio, muache haraka zaidi.

Sisi tuliona miembe mitatu, miwili Ng'ambo na mmoja Cheyo, yote kazi ya mzee mmoja na wanawe wawili. Tulipofika kwake tulimkuta ananoa msumeno kwa tupa, jino moja moja. Kwangu hiyo ilitosha kuliko kadi yoyote ya biashara.

Hatua ya 3: Elezaneni kazi mkiwa chini ya mti

Hatua hii usiiruke. Mimi niliiruka miaka mitatu iliyopita kwenye nyumba ya kupangisha ninayoisimamia Kanyenye.

Nilichukua kampuni kubwa. Niliwatumia picha kwa simu, bei ikatoka kwa mtu aliyekaa zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye mti, nami nikaandika maneno mawili tu: "punguzeni mwembe." Siku ya kazi nilikuwa Sikonge. Alikuja msimamizi mmoja kwa basi, vibarua akawaokota hapa hapa stendi. Niliporudi jioni nikakuta nguzo imesimama uani, haina hata jani la kufunika kiota. Msimamizi akaniambia, "Mzee, si ulisema tupunguze?" Na kweli nilisema. Nikapiga simu ofisini, wakanielekeza kwa mtu wa kanda, wa kanda akanirudisha kwa msimamizi, na msimamizi alikuwa ameshapanda basi.

Mti haukufa. Uliota fito nyingi kwa kasi, nami nikadhani umepona. Lakini fito zinazoota juu ya mkato wa namna hiyo zimeshikwa na tabaka jembamba tu la nje, hazikuanzia ndani ya shina kama tawi la kawaida. Masika ya pili upepo ulichana fito mbili zilizokuwa zimenenepa, zikaondoka na mabati ya jirani. Nililipa mimi.

Kwa hiyo neno "punguza" nimelifuta. Sasa nachukua chaki, nazunguka mti na fundi, na kila tawi linalotoka linapigwa mstari pale msumeno utakapopita. Tawi lisilo na chaki haliguswi. Jumla ya yanayotoka isizidi robo ya matawi yote kwa mwaka. Kama kuna zaidi ya kutoa, yasubiri mwakani. Fundi akikwambia "tumalize yote leo, utaokoa hela," huyo anaokoa nauli yake.

Muulize pia mkato wenyewe ataufanyaje. Jibu unalolitaka ni mikato mitatu. Wa kwanza unaanzia chini ya tawi, hatua moja kutoka kwenye shina, unaingia kidogo tu. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi linaanguka bila kuchuna gamba la shina. Wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe unaoonekana tawi linapotokea. Uvimbe huo usikatwe, ndio unaofunga kidonda. Na asipake lami wala rangi juu yake. Najua wazee wetu wengi walipaka. Mti unajifunga wenyewe, na rangi huweza kufungia unyevu ndani.

Kwa shangazi, mzee alifanya kitu ambacho bei ya picha isingekiona. Aligeuza panga, akagonga shina kwa mgongo wake kutoka chini kwenda juu, ko, ko, ko, mpaka mahali sauti ikawa kama ya ngoma. Akaweka sikio. "Mama, hapa una wapangaji." Nyuki. Kibarua wa stendi angewasha mashine na mtaa mzima ungekimbia. Mzee aliahirisha, akarudi usiku na mpwa wake mrina asali na moshi. Hawakudai hela ya ziada. Walichukua masega, wakamwachia shangazi bakuli moja.

Sisemi kampuni kubwa hazina faida. Ukiwa shule au ofisi unayetakiwa kuonyesha risiti ya EFD na bima, au mti umeegemea ghorofa na unahitaji kreni, chukua kampuni. Familia nyingi hazina bima. Ndiyo maana kabla ya kazi tunaandika karatasi: bati likivunjika nani anunue, kijana akianguka nani ampeleke hospitali. Tunasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee akikataa kuandika, namshukuru na naondoka, hata kama kazi zake ni nzuri.

Hatua ya 4: Bei

Theluthi mwanzoni, iliyobaki uani pakishafagiwa. Mkubaliane kuni ni za nani kabla ya kutaja bei, kwa sababu magogo ni hela. Shangazi alibaki na kuni, fundi hakupunguza bei. Kama ungependa nafuu, mwachie kuni.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Pogoa mwembe mara tu maembe yanapokwisha, usingoje kiangazi ukianza kuchanua, maana maua yanatoka kwenye ncha unazozikata. Tawi zito lishushwe kwa kamba, lisiachiwe. Watoto na kuku wafungiwe upande mwingine. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi, kwa hiyo andaa maji na sabuni.

Shangazi aliweka kiti chini ya mwarobaini tangu saa mbili akihesabu mistari ya chaki. Ilikuwa saba. Tawi la saba lilipofika chini alinyanyuka, akamwita mzee aje kunywa chai, na wale vijana wakaanza kufagia.