Chupa ya Kioo Inayong'aa Gizani
Kwa mkazi wa Dodoma, ambako jua la kuichaji si tatizo, chupa tupu ya jemu inatosha. Ioshe, ifute kwa spiriti na uiache ikauke kabisa, kwa kuwa unga wa aluminati ya strontiamu, unaofyonza mwanga na kuutoa polepole gizani, huharibiwa na maji. Ukiwa umevaa barakoa, changanya unga huo na vanishi ya mafuta isiyo na rangi, ukikoroga mfululizo, maana ni mzito na hutuama upesi. Mimina ndani, zungusha chupa hadi ienee, kisha ipindue ichuruzike. Tabaka la kwanza likikauka, ongeza la pili. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi, kwani upepo wa Julai hapa hauachi kitu bila vumbi. Chupa hiyo isitumike tena kwa chakula.