Kufufua injini ya boti iliyolala miaka mingi

Injini iliyokuwa ikivua samaki katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha ikalazwa stoo hapa Moshi kwa miaka kadhaa, isianze kujaribiwa kwa kuvuta kamba. Ndiyo tamaa ya kwanza ya kila mtu, na ndiyo inayokwaruza silinda iliyokauka. Maelezo haya yanahusu injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli.

Fungua plagi, tia oili kijiko kidogo katika kila silinda, uiache hadi kesho yake, ndipo uzungushe flaiwili, gurudumu zito lililo juu ya injini, kwa mkono, polepole, kwa kufuata mwendo wa saa. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena. Usiilazimishe kwa spana ndefu.

Petroli ya zamani itoe yote, wala usiimwage kwenye mfereji. Ndani ya kabureta utakuta imeacha utando wa rangi ya asali unaonata, nao ndio unaoziba jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha petroli. Zioshe kwa dawa ya kabureta na kuzipuliza kwa hewa, bila kuzichokoa kwa waya, maana tundu likipanuka kipimo cha mafuta kimeharibika. Mpira wa mafuta ukiukunja ukaonyesha nyufa, nunua mwingine.

Pampu ya maji, ile inayopoza injini, ndiyo isiyosamehe. Ndani yake mna impela, kigurudumu cha mpira chenye mapanga yanayojipinda. Ikikaa muda mrefu mapanga hayo hukakamaa yakiwa yamepinda na hayasukumi tena maji. Fungua mguu wa injini, sehemu ya chini inayozama majini, uibadilishe hata kama inaonekana nzima, na unapokwenda dukani, au unapoagiza Mwanza ambako injini hizi ni nyingi, chukua ile ya zamani iwe kielelezo. Mimi niliwahi kuweka impela mpya na maji bado hayakutoka: nilipochungulia tundu la kutolea maji nikakuta manyigu wamelisiliba kwa udongo, mgumu kama tofali. Hapo, tofauti na kwenye jeti, waya mwembamba unafaa.

Ukiwa kwenye mguu huohuo, kagua oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili, mipira inayozuia maji, zinahitaji kubadilishwa. Oili mpya hujazwa kupitia tundu la chini mpaka itokeze la juu. Kisha funga la juu kwanza.

Changanya petroli mpya na oili ya injini za boti kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5. Funga injini kwenye ubao imara, mguu ukiwa ndani ya pipa la lita 200, nje palipo wazi, maji yakipita juu ya bamba lililo juu ya propela. Rudisha plagi za zamani, weka gia huru, kisha vuta kamba. Moshi mwingi mwanzoni ni ile oili ya silinda inayoungua, usikutishe. Linalotakiwa kukutisha ni kutoona mchirizi wa maji: usipotokea mapema, zima mara moja.

Ikitulia, iache iungurume dakika kumi, kisha weka plagi mpya. Safari ya kwanza bwawani iwe karibu na ufuko, ukiwa na makasia ndani ya boti.