Maandishi ya burashi yanayowaka juu ya ukuta wa mawe: After Effects

Goma, mashariki mwa Kongo, kuna kuta za mawe meusi ya volkano; klipi ikipigwa mbele yake, maandishi ya rangi ya moto hukaa vizuri sana juu ya weusi ule. Ila ndani ya After Effects, programu ya Adobe ya kutia efekti kwenye video, rangi ipakwe kwenye tabaka (layer) lake, isigusane na video yenyewe.

Usianze na tabaka tupu la rangi moja, kwa sababu burashi hufanya kazi ndani ya dirisha la Layer tu, na humo utaona tabaka hilo peke yake: utachora bila kuona ukuta. Nakili video kwa Ctrl+D, chukua burashi kwa Ctrl+B, kisha bonyeza nakala ya juu mara mbili ili ifunguke. Kwa picha ya 1920×1080, pikseli 15 hadi 20 zinatosha. Kwenye paneli ya Paint weka Channels iwe RGBA na Duration iwe Write On, halafu andika.

Write On hufuata mwendo wa mkono wako. Ukiandika taratibu kwa sekunde 6, herufi zitatokea kwa sekunde 6. Usirudie kuchora kwa sababu hiyo: fungua mchoro (stroke, yaani mpako mmoja wa burashi) kwenye taimlaini, tafuta End, usogeze kifremu (keyframe) cha mwisho karibu na cha kwanza. Katika fremu 25 kwa sekunde, fremu 20 kwa neno fupi huonekana zuri.

Kinachokera zaidi ni herufi zote kuanza kwa pamoja. Kila ukiinua burashi, mchoro mpya huanzia fremu ileile ulipo. Kwa hiyo sogeza kwanza alama ya wakati hadi neno la kwanza linapoishia, au vuta baadaye upau wa mchoro wa pili. Pia ondoa uteuzi kwa F2 kabla ya kuchora, maana mchoro uliochaguliwa unaweza kubadilishwa na ule mpya.

Ukimaliza, kwenye efekti ya Paint washa Paint on Transparent. Video ya nakala itapotea, itabaki rangi tupu. Kuanzia hapo hali ya kuchanganya rangi (blend mode) iliyo kwenye mchoro mmoja mmoja haioni tena ukuta. Inaona michoro mingine tu. Kwa hiyo weka hali ya Add au Screen, zinazoongeza mwanga, kwenye tabaka lote. Multiply hupunguza mwanga tu, kwa hiyo juu ya jiwe jeusi karibu haionekani.

Kwa mng'ao, nakili tabaka la rangi, ongeza Fast Box Blur chini ya Paint katika orodha ya efekti, na punguza Opacity ya nakala hiyo hadi 40%. Ukungu huo (Fast Box Blur) ukiwa juu ya Paint, unapita kwenye video iliyofichwa na rangi hubaki kali vilevile.

Kamera ikitembea, maandishi hayafuati ukuta: fuatilia nukta moja ya jiwe, kisha ambatanisha matabaka yote mawili ya rangi na null (tabaka lisiloonekana) yenye data hiyo ya mwendo. Na kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati wowote, hifadhi kwa Ctrl+S baada ya kila neno.