Jinsi ya Kubaini Rezista na Kapasita Zenye Thamani Isiyo Sahihi kwenye Kibao cha Majaribio

Kibao cha kwanza cha saketi mpya kikigoma kufanya kazi, mafundi wengi hukimbilia pasi ya kulehemu na kuanza kung'oa vipuri. Nawasihi msianze hivyo. Kwa sisi tulioko Arusha, rezista (kipuri kinachozuia mkondo wa umeme) ndogo ya kubandika juu ya kibao ikipotea huenda ukalazimika kungoja mzigo kutoka Dar es Salaam, na joto la pasi likizidi hubandua njia za shaba, ukabaki na hitilafu mbili badala ya moja.

Anza na volti. Tuchukue kibao cha kupimia betri ya sola ya volti 12, chenye rezista mbili zilizounganishwa mfululizo, ya juu (upande wa chanya) ya kilo-ohmu 100 na ya chini (upande wa hasi) ya kilo-ohmu 33, ambazo kwa pamoja hutoa takribani volti 2.98 pale zinapokutana. Multimita ikisoma volti 0.38 mahali hapo, piga hesabu ujue rezista ya chini ingekuwa na ukubwa gani ili kutoa kiasi hicho. Utapata kama kilo-ohmu 3.3, yaani sehemu moja ya kumi ya ile iliyokusudiwa, na kosa la mara kumi kamili kwa kawaida hutokana na tarakimu ya mwisho ya namba iliyoandikwa kwenye rezista, inayoonyesha idadi ya sifuri: 333 ni kilo-ohmu 33, ilhali 332 ni kilo-ohmu 3.3. Hata hivyo, rezista ya juu ikiwa ya megaohmu 1 badala ya kilo-ohmu 100 utapata volti 0.38 zilezile, kwa kuwa kinachopimwa hapo ni uwiano tu. Washukiwa, basi, ni wawili.

Sasa ondoa betri, subiri kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) zimalize chaji, kisha pima ohmu za kila rezista. Kanuni ninayoitegemea kuliko zote ni hii: rezista iliyo kibaoni, ikipimwa bila umeme, huweza kusoma pungufu kwa sababu ya njia nyingine zilizo sambamba nayo, lakini haiwezi kusoma zaidi ya thamani yake. Kwa hiyo ya juu ikisoma zaidi ya kilo-ohmu 100, kupita kiwango cha kosa kinachoruhusiwa, umeshampata mkosaji. Ya chini ikisoma kilo-ohmu 3.3, huo bado si ushahidi kamili. Inua ncha yake moja tu, kisha upime tena.

Soma kodi, yaani namba au rangi zinazoonyesha thamani ya kipuri, kwa lenzi na taa nyeupe, hasa Julai, mawingu ya Meru yanapoitia karakana kiza, kwani kahawia, nyekundu na chungwa hufanana mno kwenye rezista za miguu. Kumbuka pia kwamba 100 iliyoandikwa kwenye rezista ya kubandika ni ohmu 10, wala si ohmu 100. Kodi hii huwapotosha wanafunzi wengi.

Kapasita ndogo za kauri za kubandika kwa kawaida hazina maandishi yoyote, na ile ya nanofaradi 100 huweza kufanana kabisa na ya maikrofaradi 10. Hapo hakuna ujanja: itoe, uipime ikiwa peke yake, au weka mpya kutoka kwenye utepe wenye lebo.

Ukishampata mkosaji, kagua sehemu zote zilizopata vipuri kutoka pakiti ileile, kwenye kila kibao cha kundi hilo, kisha linganisha mchoro na orodha ya vipuri kabla ya kulehemu kingine.